Uchovu sugu na fibromayaljia: namna ya kuishi nazo hatua kwa hatua, kwa walioambiwa "vipimo vyako viko sawa"

Hii naiandika kwa yule ambaye ameshapimwa damu, mkojo, choo, kifua kimepigwa eksirei, kila kitu kinarudi kizuri, alafu bado asubuhi anaamka kama hajalala kabisa na mwili unauma kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo. Naiandika pia kwa mume wake, mama yake na dada zake, maana ukiuelewa huu ugonjwa peke yako halafu nyumba nzima haikuelewi hufiki mbali. Mimi naishi nao miaka sasa, na kuna jambo moja naona watu wanalikosa toka mwanzo. Uchovu sugu, ule ambao madokta wanauandika ME/CFS, na fibromayaljia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, vinafanana sana na vinaweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja, lakini ushauri wa mazoezi unaomuinua mwenye fibromayaljia unaweza kumlaza kitandani wiki nzima mwenye uchovu sugu. Kwa hiyo kabla hujakimbilia dawa au gym, jua kwanza mwili wako uko upande gani.

Hatua ya 1: Ondoa magonjwa mengine kwanza

Usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Uchovu na mwili kuuma ni dalili za vitu vingi ambavyo vina tiba kabisa, na inaniuma mtu akikaa na upungufu wa damu au tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri miaka na miaka kumbe vidonge vipo. Mwombe dokta akuangalizie FBP (picha kamili ya damu), ESR na CRP (vya kuonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini), thairoidi, sukari, figo na ini, akiba ya madini chuma, vitamini B12 na D, HIV, homa ya ini B na C, na TB kama unakohoa au unakonda. Viungo vikivimba au asubuhi vidole vinakakamaa muda mrefu aangalie baridi yabisi na lupasi, magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Kama unakoroma na pumzi inakatika usingizini mwambie. Kama hedhi yako ni nzito mwambie. Na kama uliwahi kuugua chikungunya, kama wengi wa Mombasa ule mwaka wa 2017 kwenda 2018, mtajie pia, kwa sababu ile homa inaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi au hata zaidi.

Sasa hapa kwetu kuna mtego. Mtu akilalamika mwili unauma na amechoka anapelekwa moja kwa moja kwenye malaria na taifodi, anapimwa Widal (kipimo cha damu cha taifodi), inatoka "umeonekana na wadudu", anachomwa sindano za siku tano, anapata nafuu kidogo au hapati, mwezi ujao anarudi, Widal tena, sindano tena. Widal moja peke yake haithibitishi taifodi. Inaweza kuonyesha kingamwili za zamani au za ugonjwa mwingine kabisa, na kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara. Vile vipimo vya haraka vya brusela, homa inayotoka kwa mifugo, navyo vinakosea hivohivo. Kama umeshatibiwa taifodi mara kwa mara na hali ni ileile simamisha gurudumu, muulize dokta kwa heshima: "Naomba tuoteshe damu kabla ya dozi nyingine." Antibiotiki huwa hazitibu uchovu sugu wala fibromayaljia, zinakuchafulia tumbo tu na kuwafundisha wadudu usugu.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri: kukonda bila sababu, jasho la usiku na homa, kiungo kuvimba chekundu, mkono au mguu mmoja kupoteza nguvu, maumivu ya kifua, damu kwenye choo. Hizo ni za kukimbia hosipitali leo, achana na huu mwongozo.

Hatua ya 2: Daftari la wiki mbili

Chukua daftari la kawaida la shule. Kila siku andika vitu vinne tu: ulilalaje, ulifanya nini hasa, maumivu na uchovu kwa namba toka 0 mpaka 10, na kichwa kilifanyaje kazi. Ukichoka kuandika jirekodi sauti kwenye simu.

Unachotafuta humo ni anguko linalochelewa. Mwenye uchovu sugu anaweza Jumamosi akaenda sokoni, akafua, akapokea wageni, akajisikia vizuri tu, Jumapili anajikongoja, Jumatatu hawezi kunyanyua kichwa. Mara nyingi linakuja baada ya saa 12 mpaka 48, ndio maana watu hawaunganishi. Na linakuja zaidi ya kile ulichofanya: kufua mashuka mawili, siku nne kitandani, koo linawasha, tezi za shingo zinauma, mwanga na kelele vinakuchoma, unasahau jina la mtoto wa jirani. Sio misuli tu inayoleta hili, kikao kirefu au ugomvi wa simu au kusomea mtihani vinatosha.

Kwa vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015, ili uitwe mgonjwa wa ME/CFS inatakiwa uwe umepungukiwa sana uwezo wa kufanya shughuli zako za zamani kwa zaidi ya miezi 6, uwe na hilo anguko baada ya shughuli, usingizi usioburudisha, na juu yake ama ukungu wa akili au hali kuzidi kuwa mbaya ukisimama. Uingereza wao wakaona miezi 6 ni mingi, mwongozo wao wa 2021 unaruhusu kuthibitisha baada ya miezi 3. Fibromayaljia yenyewe inasimama juu ya maumivu: yawe yametapakaa kwenye sehemu angalau 4 kati ya 5 za mwili, yaani upande wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, na katikati ya mwili, kwa miezi 3 au zaidi, na pamoja nayo usingizi mbovu, uchovu na kichwa kizito. Zamani, kwa vigezo vya 1990, dokta alikuwa anabonyeza sehemu 18 na ukilia kwenye 11 ndio unaitwa mgonjwa. Siku hizi hailazimiki tena, kwa hiyo ukiambiwa huna kwa sababu hukulia kwenye 11, omba maoni ya dokta mwingine, hasa wa magonjwa ya viungo kwenye hosipitali ya rufaa.

Kipimo kimoja unaweza kukifanya nyumbani, ila mtu awe karibu asije akakuokota chini. Lala chali dakika 10, hesabu mapigo ya moyo. Kisha simama umeegemea ukuta, visigino mbele kidogo ya ukuta, usitembee wala kuongea, hesabu kila dakika kwa dakika 10. Kizunguzungu kikija kaa chini hapohapo. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na yakabaki juu, au 40 kwa kijana chini ya miaka 20, andika na mpelekee dokta, maana hilo lina matibabu yake na wengi wenye uchovu sugu wanalo bila kujua.

Hatua ya 3: Jua kinachoendelea, ili usije ukayumbishwa

Utaambiwa ni uvivu. Utaambiwa umerogwa. Utaambiwa una mawazo, olewa utapona. Mwaka 1955 hosipitali ya Royal Free ya London waliugua watu karibu 300 ugonjwa wa namna hii, wengi wao wafanyakazi wa palepale, hosipitali ikafungwa kwa muda, na miaka kumi na tano baadae wakatokea madokta wawili wa akili wakaandika kwamba hapakuwa na ugonjwa, ni wanawake tu walioambukizana hofu. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauweka huo ugonjwa, ambao ndio ME, kwenye kundi la magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu 1969. Kwa hiyo hayo maneno unayoambiwa sebuleni kwenu walishaambiwa wengine, na madokta.

Mara nyingi uchovu sugu unaanza baada ya maambukizi ambayo mtu hakupona sawasawa, na baada ya Uviko madokta wengi zaidi wameuona kwa macho yao. Kwenye fibromayaljia mfumo wa fahamu unapandisha sauti ya maumivu, hata kuguswa bega au kamba ya sidiria inauma kweli. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Sweden walichukua kingamwili za wagonjwa wa fibromayaljia wakawadunga panya, na panya wakawa wanaumia kwa kuguswa kidogo tu. Wakiwadunga za watu wazima wa afya, hakuna kitu. Panya hana mawazo ya kuolewa.

Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, inaweza kuja juu yake, na itibiwe. Ila angalia tofauti: mwenye sonona mara nyingi hamu yenyewe imeondoka, mwenye uchovu sugu anatamani kwenda shamba, kanisani, kazini, mwili ndio unakataa.

Hatua ya 4: Kama daftari linaonyesha anguko, simamia nguvu zako

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote kwa mwenye uchovu sugu, nitakaa hapa.

Siku unayojisikia vizuri ndio siku ya hatari. Unaamka mwepesi, unasema leo namaliza kila kitu, na zile nguvu unazotumia ni za mkopo wa kausha damu: zinapatikana haraka, riba yake inakufilisi. Dawa ni kutumia pungufu ya ulicho nacho siku zote, nzuri na mbaya. Angalia kwenye daftari siku ambazo hukuanguka, ulifanya kiasi gani? Chukua kiasi hicho, punguza tena robo. Hapo ndipo pa kuanzia na hapo ukae wiki kadhaa hata kama unaona unaweza zaidi.

Kila kazi ikate vipande. Nikuonyeshe kwa ugali, kwa sababu ugali ndio umewaangusha wengi. Kusonga umesimama mbele ya jiko refu, mikono juu, mvuke usoni, sufuria la watu wanane, hiyo ni kazi ya kubeba zege. Shusha jiko la gesi liwe chini, kaa kwenye kigoda, sufuria usawa wa magoti, mtu mwingine ashike sufuria au liwe kwenye kishikio cha chuma. Songa wa watu watatu, sio wanane, wengine wale wali uliopikwa na mwingine. Maji yachemke wakati umelala, sio umesimama unayaangalia. Baada ya kusonga lala dakika 15 KABLA ya kupakua, hata kama hujachoka. Mboga zikatwe asubuhi umekaa mkekani, au jana yake.

Kuoga hivohivo: kigoda bafuni, maji ya vuguvugu sio ya moto sana, ndoo nusu abebe mwingine. Nywele zisisukwe siku ileile unayooga. Kusuka kwenyewe, saa tano umekaa kichwa kimeinama na msusi anavuta, fanya mara mbili kwa siku tofauti au kata fupi.

Kupumzika maana yake ni kulala kimya, macho yamefungwa, simu mbali. Kuperuzi TikTok umelala ubongo unafanya kazi. Weka alamu ya kupumzika, usisubiri mwili ukuambie, kwa sababu huu mwili unachelewa kusema.

Ukiwa na saa ya kupima mapigo inasaidia. Wagonjwa wengi wanachukua wastani wa mapigo yao ya kupumzika kwa wiki, wanajumlisha 15, wakipita hapo wanakaa chini. Kama ni 70, basi 85. Utashangaa kupanda ngazi za ghorofa moja kunakupeleka wapi.

Na mazoezi ya kuongeza kidogokidogo kila wiki kwa ratiba? Kwa mwenye anguko, hapana. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 umeyaondoa kabisa kwenye matibabu ya ME/CFS, na hata tiba ya mazungumzo wamesema ni ya kukusaidia kubeba hali, haiponyeshi. Mtu wa mazoezi ya viungo akikulazimisha muonyeshe daftari.

Hatua ya 5: Kama ni fibromayaljia bila anguko, jongea

Hapa ushauri unageuka. Kwa fibromayaljia peke yake, kujongea taratibu ndio kitu chenye ushahidi mzuri kuliko dawa zote. Lakini taratibu kweli. Dakika 5 za kutembea jua likiwa limepoa, siku moja ndio siku moja hapana, kwa wiki mbili, kisha dakika 7. Kama uko Tanga, Mombasa au Unguja una bahari, ingia maji ya kiunoni yakiwa yametulia utembee humo, maji yanabeba uzito na vuguvugu linalegeza. Maumivu yakiongezeka kidogo siku ya kwanza ni kawaida, ila yakikulaza siku mbili tatu na kichwa kikaingia ukungu, rudi Hatua ya 4, huenda una vyote viwili.

Hatua ya 6: Usingizi, kusimama na dawa

Amka saa ileile kila siku, chai nyingi na kahawa mwisho mchana, chumba giza. Usingizi wa huu ugonjwa hauponi kwa hayo peke yake ila bila hayo dawa nayo inahangaika.

Kama mapigo yanapanda ukisimama, kunywa maji ya kutosha, simama kwa hatua mbili, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Chumvi zaidi inasaidia baadhi ya watu lakini usiiguse bila dokta, hasa kama una presha, figo au ujauzito.

Dawa zipo, za kupunguza. Ya kawaida na ya bei nafuu ni amitriptilini ya dozi ndogo usiku, wengi wanaanza na miligramu 10, na huku vidonge vingi vinakuja vya 25 kwa hiyo dokta ndiye aseme uanzaje. Mdomo utakauka na asubuhi utakuwa mzito siku za mwanzo. Kwa fibromayaljia kuna pia duloksetini na pregabalini. Pregabalini inaweza kukupa kizunguzungu, miguu kuvimba na kunenepa, na usiiache ghafla. Kinachonitisha ni watu kumeza diklofenaki kila siku miaka nenda rudi, kwa fibromayaljia haina msaada wa maana na inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Vidonge vya steroidi, zile dawa kali za kushusha uvimbe, navyo havina kazi hapa. Na ile "dawa ya mifupa" ya unga isiyo na jina, inayokuponya siku tatu alafu uso unavimba, iache, baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na steroidi. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, usiichanganye na amitriptilini au duloksetini bila dokta kujua.

Hatua ya 7: Nyumba, ukoo na ibada

Chagua mtu mmoja mwenye sauti nyumbani, mkalishe siku uko vizuri, mpe daftari asome mwenyewe. Yeye ndiye atakusemea. Mama mkwe akiambiwa na mwanae anasikia tofauti na akiambiwa na wewe.

Misiba ndio mtihani. Huwezi kukesha matangani na kupika masufuria, na usipoonekana utasemwa. Nenda mapema siku moja, kaa saa moja, toa pole kwa mkono wako, toa mchango, mwambie mfiwa mwenyewe: "Dada, afya yangu hainiruhusu kukesha, niko na wewe." Siku ya kabla na siku mbili za baada usipange kitu. Harusi na kitchen party fanya hivyohivyo.

Kwa Waislamu, mgonjwa ana ruhusa ya kula Ramadhani, atalipa akipona au atatoa fidia kama ugonjwa hauondoki, na swala ya kukaa au kulala ni swala. Zungumza na shehe na dokta, usijitese. Kwa Wakristo, kuombewa ombewa, ila mkesha wa usiku kucha na kufunga kavu siku tatu vitakuangusha, mweleze mchungaji kabla.

Hatua ya 8: Kazini

Usimwambie bosi "nachoka sana", kila mtu anachoka. Peleka barua ya dokta na ombi la vitu vinavyoonekana: kukaa badala ya kusimama, nusu siku nyumbani, kuanza saa tatu, chumba cha kulala dakika 20 mchana. Sheria ijue. Tanzania mwajiriwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, ukiwa na cheti cha dokta. Kenya kiwango cha chini ni siku 7 mshahara kamili na 7 nusu kwa mwaka baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, ingawa mikataba mingi inatoa zaidi, soma wako.

Mwenye genge, mama ntilie au fundi cherehani hana likizo, najua. Kwako wewe ni kugawana: siku za soko kubwa awepo msaidizi, wewe ukae upande wa hesabu na simu.

Hatua ya 9: Andaa siku ya kuanguka kabla haijaja

Weka karibu na kitanda chupa ya maji yenye mrija, ndizi au biskuti, uji kwenye chupa ya chai, dawa, chaja, kitambaa cha kufunika macho, na namba tatu za watu waliokubali kuja bila maswali. Kwenye karatasi andika ili anayekuuguza asome: punguza taa na redio, ongea kidogo, swali moja kwa wakati, usimkalishe kwa nguvu, mlishe akiwa ameegemezwa. Watoto wajue mama akifunga pazia wanaenda kwa shangazi.

Ukishindwa kumeza, ukipungukiwa maji, ukizimia, au mawazo ya kujidhuru yakikujia, mtu akupeleke hosipitali usiku huohuo na akae na wewe, usiachwe peke yako.

Nafuu ikianza, ile siku ya kwanza na ya pili bado ni za kulala. Ya tatu anza na nusu ya ulichokuwa unafanya kabla, angalia saa 48, ndio uongeze. Nguo chafu zitasubiri.